Beti Tatu Zenye Muhuri

Kwa miaka kumi na tisa hakuna kitu kilichozinduliwa katika kata ile bila Dorkasi Mazengo kukitungia shairi. Alitungia madarasa mawili, zahanati, kalavati, kisima kilichotoa maji kwa wiki tatu, na choo cha matundu sita cha shule ya msingi, ambacho kilipata beti saba. Aliwasifu wageni rasmi kumi na mmoja. Mmoja wao alisinzia kwenye ubeti wa pili, na Dorkasi akapunguza sauti, kwa kuwa mtu alikuwa ametoka mbali.

Kata yenyewe sitaitaja. Si Miyuji wala Mkonze. Iko upande ule ambao ulikuwa mashamba matupu mpaka wizara zilipohamia Mtumba, ndipo ikagundulika kwamba mashamba yale yalikuwa viwanja tangu zamani, ila wenyewe walikuwa hawajaambiwa.

Dorkasi ni mkulima wa zabibu. Ana miaka hamsini na saba, ni mjane, ni mwanakwaya wa sauti ya pili, na ana mwandiko wa darasa la saba la zamani, yaani mzuri kuliko wa wengi wenye shahada. Shamba lake ni robo tatu ya eka. Mizabibu aliipanda marehemu mumewe, Daudi, mwaka ambao binti yao Erica alizaliwa. Alichimba mashimo yote peke yake kwa sababu hakuamini shimo la mtu mwingine. Erica ameolewa Singida. Mizabibu imebaki, na Dorkasi huipogolea mwenyewe, mstari kwa mstari, kwa mkasi ule ule wa Daudi.

Utaratibu wa shairi la mgeni rasmi haujabadilika tangu aanze. Mtunzi hulipeleka ofisi ya kata siku chache kabla ya shughuli. Mtendaji wa kata hulisoma, huondoa kisichofaa, kisha hugonga muhuri kila ukurasa. Bila karatasi yenye muhuri hupewi kipaza sauti. Siku ya siku unasoma, unamsogelea mgeni rasmi, unakunja goti kidogo na kumkabidhi shairi kwa mikono miwili. Mgeni hupokea, mpiga picha hupiga, mgeni humpa msaidizi wake, msaidizi humpa mtendaji wa kata kwa utekelezaji, na mtendaji huliweka kabatini. Kwa hiyo shairi hutoka ofisini asubuhi na kurudi ofisini jioni, likiwa limesikika kidogo njiani. Dorkasi alikuwa amekabidhi mashairi yake yote kwa njia hiyo na hakubaki na nakala ya hata moja. Hakuona tatizo.

Tatizo lilikuja tarehe tatu Juni, saa saba mchana, likiwa limevaa makoti ya rangi ya chungwa. Vijana wa kampuni moja ya upimaji waliingia shambani wakati Dorkasi yuko jikoni anasonga ugali. Alipotoka na mwiko mkononi alikuta bikoni nne, zile nguzo za mpaka, zimeshasimikwa, mojawapo katikati ya mstari wa tatu, na mizabibu mitano imekatwa ili kamba ya kupimia ipite bila kupinda. Kijana mmoja alimwamkia vizuri tu.

"Shikamoo mama. Hapa ni kiwanja namba mia mbili na sita."

Dorkasi aliitikia marahaba, kwa sababu salamu ni salamu, kisha akauliza kiwanja cha nani. Kijana akasema hilo liko ofisini.

Akaiandikia ofisi ya kata barua. Ya kwanza iliwekwa mezani, lakini nakala yake haikugongwa muhuri, maana muhuri ulikuwa ndani ya droo, ufunguo wa droo alikuwa nao mtendaji, na mtendaji alikuwa kikaoni. Ya pili ilikuta droo iko wazi na wino umekwisha. Ya tatu ilipokelewa na mtu aliyesema atamwita, na huenda bado anatafuta jina lake. Mwezi wa tisa Dorkasi alipanda gari hadi mjini, kwenye baraza la ardhi, akamkuta karani anaitwa Henry, kijana mwenye sauti ya upole na kikohozi cha vumbi. Henry alimweleza kwamba baraza halipokei shauri ambalo halikuanzia kwenye kata. Dorkasi akasema lilianzia huko, mara tatu. Henry akaomba ushahidi.

"Chochote, mama. Karatasi yoyote yenye muhuri wa kata inayoonyesha walipokea malalamiko yako. Lakini iwe muhuri wenyewe. Muhuri wa nakala ya kivuli hatupokei, watu wanatengeneza. Na iwe kabla ya mwisho wa Oktoba, baada ya hapo mwenye kiwanja anapewa hati."

Ndivyo mambo yalivyokuwa mwezi wa kumi ulipoingia: shamba lote la Daudi lilikuwa linategemea duara la wino wa bluu lenye upana wa kifuniko cha soda. Na mwezi huohuo kata ikakamilisha ofisi yake mpya, na mtendaji akatuma ujumbe kwa Dorkasi atunge shairi.

Mtendaji anaitwa Damas. Si mtu mbaya kwa maana ya kawaida ya neno. Ana miaka arobaini hivi, hatukani watu, hanywi kazini, na meza yake imepangwa hivi kwamba ukiweka kiwiko unajisikia umekosea. Mwenye kiwanja namba mia mbili na sita hajawahi kuonekana katani. Linaonekana gari lake tu, jeupe, linapita taratibu siku za Jumapili. Damas alipoulizwa habari zake alikuwa akisema suala liko ngazi za juu, na alilisema kwa utulivu wa mtu aliyefurahi kwamba kuna ngazi.

Dorkasi alitunga beti tisa. Akaziandika kwa mkono kwenye kurasa tatu, tatu kwa kila ukurasa, akazipeleka Ijumaa asubuhi, siku moja kabla ya uzinduzi. Damas alimkaribisha kiti. Ukurasa wa kwanza aliusoma akitikisa kichwa kufuata mizani.

*Zulia tumetandika, viti vyote vimepangwa,*
*Kata yote imefika, utepe umeshafungwa,*
*Jengo limeezekika, ukuta umeshajengwa,*
*Mgeni wetu karibu, fika kwetu utazame.*

Akasema hiki ndicho kipaji. Akafungua ukurasa wa pili, na kichwa kikasimama.

*Juni tatu walikuja, saa saba ya mchana,*
*Bila hata hati moja, kuniuliza hapana,*
*Bikoni nne pamoja, mizabibu wakachana,*
*Mgeni wetu karibu, fika kwetu utazame.*

*Barua nimeandika, ya kwanza hadi ya tatu,*
*Kwa mkono zikafika, hakugonga hata mtu,*
*Muhuri umejizika, umelala kama chatu,*
*Mgeni wetu karibu, fika kwetu utazame.*

Ubeti wa sita ulitaja kiwanja namba mia mbili na sita na jina la Dorkasi kamili, la baba na la babu, kama inavyotakiwa kwenye fomu.

"Mama Erica," Damas alisema, "hizi tatu za katikati haziendani na shughuli."

Dorkasi akamkumbusha kwamba kibwagizo ni kile kile. Damas akajibu kwamba hapo ndipo penye shida.

Akachukua kalamu nyekundu na rula. Mtu mwingine angechora msalaba wa haraka. Damas alipiga mistari iliyonyooka juu ya kila ubeti, kwa namna ambayo maneno yote yaliendelea kusomeka, akaandika pembeni "ZIONDOLEWE", akatia sahihi na tarehe. Ukurasa wa tatu ulikuwa unashukuru kwa kila kitu. Alipomaliza alivuta droo, ambayo siku hiyo haikuwa na ufunguo wala kikao, akagonga muhuri ukurasa wa kwanza, akagonga wa pili, akagonga wa tatu. Karatasi isiyo na muhuri katikati ya karatasi zenye muhuri ni kitu ambacho Damas hawezi kukitazama. MTENDAJI WA KATA, ulisema muhuri, na chini yake: IMEPOKELEWA.

"Ukisoma nilichokifuta, kipaza kinazimwa na mgambo yupo. Tumeelewana?"

"Kilichofutwa sitakisoma," alisema Dorkasi. Akamshukuru, akaondoka.

Aliyegundua ni Evelina, binti mwenye steshenari kando ya barabara, pale Dorkasi aliponunua bahasha ya kutia shairi lake. Evelina ndiye aliyetoa nakala za barua zile tatu, na alikuwa amezikasirikia kama zake. Alimwamkia, akaomba kuona shairi, na alipofika ukurasa wa pili akasubiri mpaka mteja mwingine akaondoka.

"Mama Erica, huu muhuri amegonga nani?"

"Mtendaji mwenyewe."

"Hapa chini pameandikwa nini?"

Dorkasi akasoma: imepokelewa.

"Imepokelewa nini? Soma mwenyewe ulichoandika. Kuna tarehe, kuna saa, kuna bikoni, kuna namba ya kiwanja, kuna barua tatu. Na amekupigia mistari kwa wino mwekundu kuthibitisha kwamba ameisoma yote. Mama, hii ndiyo karatasi ya Henry."

Nimemuuliza Dorkasi kama alikusudia. Alisema hapana, alitunga tu, kisha akaanza kuzungumzia bei ya dawa ya ukungu. Nimeandika jibu lake kama alivyolitoa.

Ilikuwa Ijumaa saa tisa. Baraza lilikuwa limefunga, na lingefunguliwa Jumatatu. Jumatatu hiyo ilikuwa tarehe thelathini Oktoba. Evelina alishauri kwa sauti ya chini kwamba kesho Dorkasi augue, chochote, tumbo, aifungie karatasi ndani, na Jumatatu alfajiri waongozane mjini. Ushauri ulikuwa mzuri na Dorkasi aliusikiliza hadi mwisho. Kisha akasema anakwenda kusoma.

"Wakikunyang'anya je? Unajua shairi likishasomwa linakabidhiwa."

"Najua."

"Sasa?"

"Barua tatu nimeshaandika," Dorkasi alisema. "Hili ni shairi."

Evelina alimwambia kwamba ana kichwa kigumu, shikamoo tena, na akakataa kupokea hela ya bahasha.

Damas naye aligundua siku hiyohiyo, kwa sababu ya unadhifu wake. Jioni alikuwa anaingiza shairi kwenye rejesta ya nyaraka zilizopokelewa. Akaandika tarehe, akaandika idadi ya kurasa, akafika kwenye safu ya "Yahusu". Hapo kalamu ilisimama. Saa kumi na moja na nusu pikipiki yake ilikuwa nje ya nyumba ya Dorkasi.

Alipewa kiti na maji. Akaisifia mizabibu. Akasema amefikiria, mwandiko wa mkono hauna hadhi mbele ya mgeni mkubwa, kwa hiyo akabidhiwe zile kurasa, zichapwe vizuri, beti sita, na kesho Dorkasi atazikuta mezani zimeshagongwa muhuri. Dorkasi akasema amezoea mwandiko wake. Ndipo Damas akatoa karatasi iliyokunjwa mfukoni. Ilikuwa orodha ya watu watakaopewa viwanja mbadala, majina kumi na matano, na ingesomwa mbele ya mgeni rasmi mara tu baada ya shairi. Dorkasi alikuwa namba kumi na nne. Viwanja hivyo viko mahali ambapo hata mbuzi hawaendi bila sababu maalumu, lakini vipo, vina namba, na mtu akipewa anapewa.

"Orodha bado ni ya penseli," alisema Damas.

Dorkasi aliitazama penseli ile. Akauliza kama viwanja mbadala vina maji. Damas akasema liko kwenye mpango.

"Nitakuja nazo kesho," alisema Dorkasi.

"Zote tatu?"

"Zote tatu."

Damas aliinuka, akasimama kidogo mlangoni. "Mama, mimi nakuheshimu. Usinifanye nionekane sijui kazi."

"Kazi unaijua, Mtendaji. Hata mistari umepiga kwa rula."

Uzinduzi ulipangwa saa nne asubuhi, maana yake mgeni alifika saa nane. Upepo wa Oktoba ulikuwa umeshapindua turubai mara mbili na kuijaza sufuria ya pilau vumbi ambalo hakuna aliyelitaja. Dorkasi aliketi mstari wa pili tangu saa tatu na nusu, amevaa kitenge cha kwaya, bahasha ameiweka mapajani chini ya viganja. Mbele yake, nyuma ya kamba, mgambo wawili walikuwa wamesimama kwa namna ambayo siku nyingine hawasimami.

Katika saa hizo nne na nusu aliombwa bahasha mara tatu. Mara ya kwanza alikuja dada wa ofisi, akasema ni kwa ajili ya kupanga ratiba. Mara ya pili alikuja mgambo mmoja, kijana aliyewahi kuimba naye kwaya, ambaye aliona haya na kuishia kuulizia hali ya Erica. Mara ya tatu alikuja Mwalimu Batholomeo, mshereheshaji, mtu mnene mwenye shati la maua, akiwa na kurasa mbili zilizochapwa kwa mashine, beti sita, muhuri mbichi.

"Mama Erica, soma hizi. Zile nipe mimi nikutunzie."

"Mwalimu, zangu zina kasoro gani?"

"Hazina kasoro."

"Zina muhuri?"

Batholomeo alikiri zina muhuri.

"Basi nitasoma zangu. Utaratibu si huo?"

Batholomeo alitazama upande wa Damas, akatazama zile kurasa mbili, akazikunja na kuzitumia kujipepea. Alikuwa amefundisha ushairi kwa miaka ishirini na mbili na hakuona namna ya kubishana na mtu mwenye karatasi halali. Alipokwenda kuripoti, Damas alimsikiliza bila kugeuka. Alichosema kilisikika na waliokaa karibu: aache asome, mwisho si atakabidhi.

Na ndiyo ilikuwa hali halisi, kila mtu wa mstari wa pili aliijua. Angesoma alichoruhusiwa, angekunja goti, angenyoosha mikono, na karatasi ingeanza safari yake ya kila siku: mgeni, msaidizi, Damas, kabati. Hakuna mtu aliyewahi kumnyima mgeni rasmi shairi lake. Hakukuwa hata na kanuni ya kukataza, kwa sababu haikuwahi kuhitajika.

Mgeni rasmi alifika, akakata utepe, akakagua vyumba vitano na choo chenye kufuli. Batholomeo akaamkia umati "Mbukwenyi," umati ukaitikia, akamwita mtunzi wetu mahiri. Dorkasi akasimama.

Beti tatu za kwanza zilikwenda kama kawaida. Watu wa pale wanajua kazi yao: mtunzi anaanza kibwagizo, "Mgeni wetu karibu," nao wanamalizia, "fika kwetu utazame." Walimalizia mara tatu, kwa sauti ya watu wenye njaa lakini waungwana. Mgeni alitabasamu. Dorkasi akafunua ukurasa wa pili. Damas, meza kuu, akashika waya wa kipaza sauti.

"Ubeti wa nne," alisema Dorkasi. Akanyamaza.

Hakusoma kitu. Alisimama ameshika karatasi, macho yakipita juu ya mistari moja baada ya nyingine, muda uleule ambao ubeti huchukua. Kipaza kilipokea upepo tu. Turubai lilipigapiga. Mgeni rasmi aliinua macho kutoka kwenye simu. Kisha Dorkasi akasema, kwa sauti ya kawaida, "Mgeni wetu karibu."

Hakuna aliyeitikia. Watu mia tatu walitazama viatu vyao.

"Ubeti wa tano." Akanyamaza tena. Damas alikuwa na waya mkononi na hakuwa na cha kuzima. Mama mmoja aliyekuwa nje ya kamba, Joha, muuza vitumbua, ambaye shamba lake ni kiwanja namba mia mbili na tisa, alikuwa anafunga ndoo yake. Dorkasi aliposema "Mgeni wetu karibu," Joha akamalizia, peke yake, mgongo ameugeuza: "fika kwetu utazame." Baadaye alisisitiza kwamba ilimtoka kwa mazoea. Huenda.

Ubeti wa sita ulikuwa mrefu kuliko yote, ukizingatia haukusomwa. Safari hii waliitikia kama kumi na watano hivi, wengi wao wanawake, wawili waliomo kwenye orodha ya penseli. Wengine mia mbili na themanini na tano waliendelea na viatu. Nawahesabu kwa sababu siku hizi ukiuliza katani, kila mtu aliitikia.

Akamaliza ukurasa wa tatu, shukrani zote, hakuruka neno. Makofi yalipigwa na watu waliokuwa hawajui kama yanaruhusiwa. Dorkasi akashuka na karatasi zake, akatembea zile hatua kumi mpaka meza kuu. Damas alikuwa ameshasimama nyuma ya bega la msaidizi, kiganja wazi. Mgeni rasmi akainuka, akanyoosha mikono miwili. Mpiga picha akapiga goti.

Dorkasi naye akakunja goti. Akampa ukurasa wa kwanza na wa tatu.

Mgeni akazipokea, akaona mkononi mwa Dorkasi bado kuna karatasi. "Na hiyo, mama?"

"Hii hapana, mheshimiwa."

Kipaza kilikuwa karibu, na hakuna aliyekumbuka kukizima.

"Mama, mpe mgeni," alisema Damas.

"Mtendaji ameifuta mwenyewe, kwa sahihi yake. Kwa hiyo si sehemu ya shairi la mgeni. Sifa zote nimemkabidhi. Hii ni yangu."

Damas akanyoosha mkono juu ya meza. Mgambo mmoja akapiga hatua. Mgeni rasmi aliona wino mwekundu, aliona mistari iliyonyooka, aliona muhuri, na alikuwa amekaa serikalini miaka ya kutosha kujua karatasi ambayo hutaki kupigwa nayo picha. Akamwambia msaidizi, kwa upole sana, kwamba ratiba imechelewa. Mgambo akarudi kwenye nafasi yake. Dorkasi akakunja ukurasa mara mbili, akautia ndani ya fundo la kitenge, akarudi mstari wa pili.

Orodha ya viwanja mbadala ikasomwa. Batholomeo alisoma kumi na mbili, kumi na tatu, kisha akasoma kumi na tano.

Dorkasi aliondoka kabla ya pilau. Alipita katikati ya viti, na watu waliokuwa wamemfahamu maisha yao yote walisogeza magoti ili apite bila kugusana nao.

Jumatatu, saa mbili kasorobo, Henry alikuwa hajafungua dirisha. Evelina alikuwapo, amefunga duka lake na kubandika karatasi kwamba amekwenda msibani. Henry aliutandaza ukurasa, akausoma mara mbili, akakohoa, akauliza hii ni barua au shairi. Evelina akafungua mdomo. Dorkasi akamtangulia.

"Ulisema chochote."

Henry akaupeleka ndani kwa mwenyekiti. Walikaa dakika arobaini kwenye benchi, na Dorkasi anasema hizo ndizo zilimchosha kuliko saa nne na nusu za Jumamosi, kwa sababu karatasi haikuwa mikononi mwake. Henry alirudi na namba ya shauri.

Shauri lilisikilizwa Februari. Nilikuwapo, pamoja na watu kama thelathini, akiwemo Joha na ndoo. Mwenye kiwanja namba mia mbili na sita alituma wakili. Wakili akapinga kielelezo, akisema baraza la ardhi si tamasha. Mwenyekiti, mzee mkavu mwenye miwani ya kamba, akasema kielelezo kikipingwa lazima kisomwe kwenye kumbukumbu. Akakisoma. Alikisoma kama mtu anavyosoma maelekezo ya dawa, akaunganisha mistari miwili ya ubeti wa tano.

"Samahani, mheshimiwa," alisema Dorkasi kutoka kwenye benchi la mdai. "Hapo kuna kituo."

Wakili akacheka. Mwenyekiti hakucheka. Alirudi mwanzo wa ubeti, akausoma na vituo vyake, barua ya kwanza hadi ya tatu, chatu na muhuri, na alipofika "Mgeni wetu karibu," benchi la nyuma likamalizia lote. Akagonga meza, akaamuru kimya. Kisha akamwita shahidi.

Damas aliulizwa kama muhuri ule anaufahamu. Alisema ni wa ofisi.

"Ofisi ipi?"

"Ya kata."

"Nani aliugonga?"

Angeweza kusema mambo mengi, na wakili alikuwa anamtazama kwa matumaini. Lakini aliulizwa juu ya karatasi, na juu ya karatasi Damas hana uongo.

"Mimi. Kurasa zote tatu."

"Na mistari hii?"

"Mimi."

Mwenyekiti akaandika kwa muda mrefu. Akaamuru kwamba hakuna hati itakayotolewa wala bikoni itakayoguswa mpaka baraza lifike lenyewe shambani kuona, tarehe kumi na tisa Machi, pande zote ziwepo. Akamwuliza mdai kama ana la kuongeza.

Dorkasi alisimama. Akaomba wafike asubuhi, kabla ya saa tano, maana baadaye kuna upepo na hawataona vizuri ile mitano iliyokatwa, ambayo imeanza kuchipua.

Mwenyekiti akaandika: asubuhi.